Sabufa ya laki na themanini, nimeijaribu kwa muziki wa mwanzo wa filamu

Ukienda kununua sabufa Darajani, muuzaji atakuwekea singeli, atafungulia sauti mpaka mwisho, na kishindo kikikufika kifuani utatoa pesa. Singeli naipenda, lakini kwa kuchagua spika haikusaidii. Mimi napiga chelo, ile ala ya upinde ya jamii ya fidla lakini kubwa na yenye sauti nzito, kwenye kikundi cha taarabu hapa mjini. Kinachonifanya nitake spika nzuri nyumbani ni ile dakika moja au mbili ya mwanzo, majina ya waigizaji yanapita na okestra inapiga, hadithi yenyewe bado. Watu wengi huipeleka mbele. Mimi huirudisha nyuma niisikilize tena, kwa sababu mara nyingi ndiyo kazi iliyofikiriwa kuliko zote katika filamu nzima.

Basi sabufa hii nimeijaribu kwa miziki hiyo. Ni sanduku moja kubwa, spika ndogo mbili, rimoti, tundu la flashi na bluetooth, kwa shilingi laki moja na themanini. Chapa siitaji, zilizopangwa kando yake dukani zilikuwa za umbo hilohilo na bei hiyohiyo.

Nilianza na The Lion King ya 1994. Jua linachomoza, mwimbaji Lebo M anaita peke yake, bila ala hata moja chini ya sauti yake, na wanyama wanainua vichwa. Kutoka hapo wimbo unapanda polepole kwa takriban dakika nne, hadi mtoto wa simba anainuliwa juu ya mwamba. Halafu pigo moja la ngoma, skrini inakuwa nyeusi, na jina la filamu linatokea kwa herufi nyekundu. Disney walikiamini kipande hiki hata wakakitoa kizima kuwa tangazo mwaka 1993, filamu yenyewe ingali jikoni. Kwenye sabufa hii lile pigo la mwisho lilitetemesha vioo vya kabati, na sauti ya Lebo M ilisimama mbele, safi kabisa. Hapo sina neno.

Nikaweka Game of Thrones.

Mwanzo wa tamthilia hii nimeusikiliza kwa masikio ya kazi. Picha ni ramani inayojijenga yenyewe: magurudumu ya meno yanazunguka, kuta na minara inainuka kutoka ardhini, na ramani hubadilika kufuata miji ambayo hadithi inafika. Angus Wall na wenzake wa studio ya Elastic walipata tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo mwaka 2011. Muziki ni wa Ramin Djawadi, na alilolifanya ni kuipa chelo uimbaji. Nyuzi zinatangulia na kijifungu kifupi kinachojirudia, kisha chelo inaingia na lahani, fidla inakuja baadaye kujibu. Kwenye taarabu, mara nyingi mimi hukaa chini, naubeba wimbo wakati fidla na ganuni zinazungumza. Hapa chelo ndiyo inayofungua mdomo kwanza, na wengine wanangoja. Kila nikiusikia, mkono wa upinde unataka kunyanyuka.

Kwenye sabufa, chelo haikuwepo. Nasema kweli. Nilisikia ngoma, nikasikia mkwaruzo wa juu wa fidla, na katikati pakawa na shimo. Sababu yake inaeleweka. Uzi wa chini kabisa wa chelo hutetema takriban mara 65 kwa sekunde, na uzi wa juu, ukiwa wazi, mara 220. Lahani ya Djawadi inakaa katikati ya hapo. Sasa, sanduku kubwa limetengenezwa kwa kishindo cha chini, na vile vispika viwili, vyenye koni ndogo kama kikombe cha kahawa, haviwezi kushuka mpaka huko. Sauti inayoangukia kati ya hivyo viwili haina mwenyewe. Kwa singeli hutagundua. Kwa chelo unagundua mara moja.

Nilihangaika nayo jioni nzima na ikapata nafuu. Niliteremsha besi mpaka 4, nikalitoa sanduku kubwa pembeni mwa chumba, maana kuta mbili zinazokutana huvimbisha besi, na spika ndogo nikazipandisha kwenye rafu ziwe sawa na masikio ya aliyekaa. Chelo ikarudi, nyembamba, lakini ikarudi.

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa Psycho, ya mwaka 1960. Bernard Herrmann aliandika muziki wa filamu ile kwa ala za upinde peke yake: fidla, viola, chelo na besi kubwa. Hakuna tarumbeta wala ngoma. Saul Bass akachora mistari inayokimbia kulia na kushoto, juu na chini, ikiyakatakata majina kabla hujamaliza kuyasoma, na nyuzi zinakwenda nayo kwa ukali uleule. Hujaona mtu hata mmoja na tayari unataka kuinuka ukafunge mlango. Sabufa haina pa kujificha hapa. Fidla zilitoka kali kupita kiasi, zile za chini zikabaki nyuma. Anayependa filamu za zamani ajue hilo kabla hajalipa.

Bluetooth usiitumie kwa filamu. Nililigundua hilo kwenye Mission: Impossible, tamthilia ya 1966. Mkono unawasha kiberiti, utambi unaungua kupita kwenye skrini, na vipande vya yatakayotokea vinapita haraka juu ya bongos na tarumbeta za Lalo Schifrin. Ule mkono ni wa Bruce Geller mwenyewe, aliyeibuni tamthilia. Mdundo ni wa hesabu ya tano, iliyogawanywa kwa mapigo mawili marefu, kila moja hesabu moja na nusu, na mawili mafupi ya hesabu moja moja, na mpigaji aliyezoea manne hujikwaa mwanzoni. Picha zinabadilika upesi mno. Sauti ikichelewa hata kidogo, utamu wote umekwisha. Kwa bluetooth ilichelewa. Nilipochomeka waya kutoka kwenye televisheni, ikakaa sawa.

Kwa bei yake naipa nyota tatu kati ya tano. Ningeipa nne, lakini umeme ukikatika inasahau kila kitu na kurudi kwenye besi ya juu kabisa, na umeme wetu mnaujua. Namba nimeziandika kwenye kipande cha plasta nyuma ya rimoti ili watoto nao wazirudishe: besi 4, trebo 6.