"Karat" na "carat": moja ni usafi, nyingine ni uzito

Ukiingia kwa sonara Kampala, maneno haya mawili hutamkwa sawasawa, na Kiswahili chetu huyaita yote karati. Kosa huanzia hapo.

"Karat" hupima usafi wa dhahabu kwa sehemu 24. Ya 24 ni dhahabu tupu. Ya 18 ina sehemu 18 za dhahabu, na 6 zilizobaki ni madini mengine, kama shaba na fedha, yanayoipa ugumu. Pete ya gramu 4 ya karati 18 ina gramu 3 za dhahabu halisi: 4 × 18 ÷ 24. Ndani yake tafuta mhuri 750, yaani sehemu 750 za dhahabu katika 1,000. Karati 14 hupigwa 585, karati 9 hupigwa 375. Ukiona herufi GP ("gold plated"), hiyo imepakwa dhahabu juu tu.

"Carat" ni uzito wa kito: miligramu 200, hivyo karati 5 ni gramu 1. Haisemi lolote kuhusu usafi wala uzuri wa almasi.

Utata mkubwa uko kwenye tahajia. Marekani hutenganisha maneno haya, lakini Uingereza, ambayo Uganda hufuata tahajia yake, huandika "carat" kwa yote mawili na kuyafupisha "ct". Risiti ikisema "18ct, 0.50ct", ya kwanza ni usafi wa pete, ya pili ni almasi ya gramu 0.1. Anayedhani 18 ni uzito, akaizidisha kwa gramu 0.2 na kupata gramu 3.6, amekosea kabisa. Mwombe sonara aandike uzito wa dhahabu kwa gramu, kando, baada ya kuipima mbele yako.