Stata ipi inafaa kuzungusha rota ya jairokopta? Nimejaribu tatu

Jairokopta, yaani chombo cha kuruka kinachobebwa na rota (mapanga yanayozunguka juu yake), ikiwa angani haihitaji injini kuizungusha rota hiyo, kwa kuwa upepo unaopanda kupitia mapangani ndio unaoizungusha, jambo ambalo mhandisi Juan de la Cierva alilithibitisha huko Hispania mwaka 1923. Taabu iko ardhini, kabla ya kuruka. Wenye vyombo vidogo vya muundo wa Mmarekani Igor Bensen walizoea kuyasukuma mapanga kwa mkono, kisha wakatembeza chombo uwanjani taratibu hadi upepo uyashike. Stata ya umeme, yaani mota ya kuwashia injini, huondoa adha hiyo, nami nimefunga tatu kwa zamu kwenye rota moja ya mapanga mawili, yenye kipenyo cha mita 7 na uzito wa kilo 25, ambayo gia yake kubwa ina meno 120 na pinioni (gia ndogo ya stata) meno 10.

Kabla ya kutoa fedha, piga hesabu. Kuifikisha rota ya ukubwa huo kwenye mizunguko 200 kwa dakika kunataka nishati ya takriban kilojuli 22, ukinzani wa hewa ukiwa haujahesabiwa. Stata inayotoa kilowati moja kamili itahitaji basi zaidi ya sekunde 22, ilhali stata ya gari imeundwa kufanya kazi kwa sekunde chache tu na kupumzika. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe nguvu, bali inavyostahimili joto.

Stata ya kwanza ilikuwa ya gari la zamani, isiyo na sumaku za kudumu, yenye koili nzito za shaba. Huanza kwa nguvu nyingi na haichoki upesi, lakini ni nzito mno kwa kitu kinachokaa kwenye kichwa cha rota, ambacho huinama kila rubani anaposogeza usukani. Mkono wangu uliuhisi uzito huo siku ya kwanza. Isitoshe, kubadilishana nyaya za betri hakugeuzi mwelekeo wake, kwa sababu koili za nje na za ndani hugeuka kwa pamoja. Tena usiizungushe mezani bila mzigo, kwani kasi hupanda bila kikomo hadi ijivunje.

Ya pili, ya injini ya mashine ya kukatia nyasi, ndiyo nyepesi kuliko zote. Bendeksi yake, yaani sehemu inayobeba pinioni, hupanda yenyewe kwenye ond ya shafti, na rota inapoizidi kasi, pinioni hurushwa nyuma bila kuhitaji solenoidi (sumaku ya umeme ya kuisogeza). Mpangilio huo unanipendeza sana. Hata hivyo, brashi zake, yaani vipande vya kaboni vinavyoipelekea umeme sehemu inayozunguka, ni ndogo, na kufikia sekunde ya 15 nilisikia harufu ya vanishi ya koili ikiungua, huku rota ikiwa bado haijafika mizunguko 120.

Niliyobaki nayo ni ya tatu, ya gari dogo la kisasa, yenye sumaku za kudumu na gia za sayari ndani (gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati). Ni nyepesi kuliko ya kwanza na hutoa nguvu kubwa kwa umeme kidogo, ingawa karibu na mizunguko 180 huanza kulegea, kwa kuwa pinioni inapaswa kuzunguka mara 2,160 kwa dakika. Mwelekeo wake hugeuka ukibadilisha nyaya, lakini klachi yake ya upande mmoja, inayosukuma pinioni kuelekea upande mmoja tu, haikubali kugeuzwa, hivyo chagua ile ambayo tayari inazunguka unakotaka. Wale waliozoea kuiamsha stata kwa kuigonga nyundo waache mazoea hayo hapa, maana sumaku za kauri hupasuka.

Nyaya nazo zisipuuzwe. Kwa ampea 150, waya wenye urefu wa jumla wa mita 4 kwenda na kurudi hupoteza volti 1.75 ukiwa wa milimita za mraba 6, na volti 0.42 tu ukiwa wa 25. Niliweka pia swichi ndogo inayozuia stata kufanya kazi hadi usukani uwe umesukumwa mbele kabisa.

Muuzaji wa hii ya tatu aliniapia kuwa ni mpya, lakini nilipofungua kifuniko nikakuta brashi zimelika hadi karibu na waya. Nilizibadilisha mwenyewe kabla ya kuifunga.