Taa za LED za kukuzia mimea ndani: ununue nini ukitaka kujiundia mwenyewe

Kama una kibaraza kinachopigwa na jua nusu siku, usinunue taa, nunua mbolea. Maelezo haya ni ya sisi wa fleti za Dar ambao dirisha linatazamana na ukuta wa jirani, na bado tunautaka mchicha na mrehani.

Taa yangu ya kwanza ilikuwa ya zambarau, boksi limeandikwa wati 1000. Nilipoipima kwa mita ya kuchomeka kwenye soketi, ilikula wati 90 na ushee. Tangu siku hiyo nasoma wati halisi na lumeni (kipimo cha mwanga unaotoka), basi. Rangi nayo isikusumbue: LED nyeupe ni chipu ya bluu iliyopakwa fosfa, unga unaogeuza sehemu ya bluu kuwa rangi nyingine, kwa hiyo bluu na nyekundu ambazo mmea unazihitaji tayari zimo. Tena chini ya mwanga mweupe utaona jani likianza kuwa njano. Chini ya zambarau kila jani ni jeusi tu.

Nafasi ya kwanza naipa tyubu za LED za futi nne, wati 18, nyeupe. Zinapatikana kila duka la umeme, moja hutoa lumeni 1,800 hivi, na mwanga unatandaa trei nzima badala ya kulundikana katikati. Shelfu ya sentimita 120 kwa 40 ifungie nne, sentimita 15 hadi 20 juu ya majani, ziwake saa 14. Hiyo ni wati 72, yaani uniti moja ya LUKU kwa siku, na ndiyo gharama ya kuwazia kuliko bei ya taa. Ukizipunguza ziwe mbili, miche itarefuka na kulegea kama uzi. Muulize muuzaji umeme unaingilia upande mmoja wa tyubu au pande zote mbili, na kama fitingi ni ya zamani, fundi aitoe choki (koili ya tyubu za zamani) kwanza.

Ukitaka pilipili au nyanya zizae, panda hadi nafasi ya pili: bodi za LED na draiva yake, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa soketi uwe wa kuifaa bodi. Chipu nzuri, mfano Samsung LM301B, hutoa karibu mara mbili ya mwanga wa tyubu kwa wati ileile, ila jina la chipu kwenye tangazo si ushahidi. Hapa ndipo wengi huunguza vitu. Bodi ikitaka volti 48 na ampea 2, draiva iwe ya mkondo thabiti (ampea zisizobadilika) wa ampea 2, na volti 48 ziwe ndani ya kiwango chake. Ifunge bodi kwenye bapa la aluminiamu, na waya wa ethi uguse bapa hilo. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya usumbufu wa kuagiza tu. Kwa ubora inaizidi tyubu.

Balbu za kawaida za wati 12 au 15 ni za tatu. Zinafaa chungu kimoja au viwili. Usibandue kava la plastiki ili "mwanga uongezeke", maana ndani yake kuna umeme wa mtaani.

Mikanda ya LED ya volti 12 ni urembo wa sebule. Wati 14 kwa mita, na ukiunga mita nyingi mwisho wake unafifia. Mbegu zitaota, zitakwama hapo.

Kuna kitu kimoja sikiweki kwenye orodha kabisa: vile vibamba vya LED vya wati 50 vinavyoungwa moja kwa moja kwenye volti 220, bila draiva. Sehemu zilizochomelewa kwa risasi ziko wazi na zina umeme, na wewe unamwagilia maji chini yake.

Bakiza hela ya taima ya kuwasha na kuzima taa, na friji gadi ya kuzilinda umeme unapoyumba. Umeme ukikatika siku nzima mchicha hautakufa. Draiva ndiyo hufa, dakika ile umeme unaporudi.