Kumtoa darasani au kumsaidia palepale?

Mtoto anayetatizika kusoma anaweza kutolewa darasani kwa nusu saa, akafundishwa peke yake mahali patulivu. Kwa mwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno, faida ni kubwa: herufi na sauti zake hurudiwa polepole, bila haraka ya wenzake. Lakini somo alilolikosa atarudishiwa na nani? Na watoto wenzake huona ni nani anayeitwa kila siku, hilo huuma.

Msaada wa ndani ya darasa humwacha pamoja na wenzake, kama lilivyohimiza Azimio la Salamanca la mwaka 1994, tamko la kimataifa la kuwasomesha watoto wote pamoja. Hatari yake ni msaidizi wa mwalimu kumganda mtoto mmoja hadi mwalimu akamsahau. Mimi ningeanzia darasani, msaidizi akizungukia meza zote. Kutoka kuwe kwa stadi moja, wiki chache, na kamwe si wakati wa michezo.