Kuwekewa hesi mpya kwenye fimbo ya pool: uzoefu wangu

Fimbo yangu ni ya vipande viwili: shafti ya mbele na kitako cha nyuma chenye skrubu. Mwaka jana bushi ya brasi iliyomo ndani ya shafti, yaani kibomba kifupi chenye hesi (mikunjo inayopokea skrubu), ililegea. Kila nikipiga kwa nguvu nilisikia "tik" pale kwenye kiungo, na mkono wa nyuma ukapata mtetemo. Nimeitengeneza mara mbili. Ya kwanza ilinitia hasara, ya pili ndiyo naisifia hapa.

Fundi wa kwanza aliitazama skrubu iliyotokeza kwenye kitako akasema, "Hii namba nane, kaka, nati zake zimejaa tele." Akatoboa kwa drili ya mkono, akapachika nati ndefu ya milimita 8 kwa gundi ya kukauka haraka. Nilipofunga nyumbani, ikaingia mizunguko miwili ikakwama.

Skrubu yangu ni ya inchi: 5/16, hesi 18 kwa inchi moja. Unene wake ni milimita 7.94, kwa hiyo kwa macho hutaitofautisha na ya nane. Tatizo liko kwenye nafasi kati ya hesi na hesi: yangu ni milimita 1.41, boliti ya kawaida ya nane ni 1.25. Ukilazimisha unakula hesi za skrubu, na hapo ugonjwa unahamia kwenye kitako. Zipo pia za 5/16 zenye hesi 14, na fimbo nyingi za kampuni ya McDermott ni 3/8 zenye hesi 10. Ndiyo maana nawaomba wenzangu: mkienda kwa fundi, bebeni na kitako. Shafti peke yake haimtoshi.

Fundi wa pili ni mzee mkerezaji wa Gerezani, hapa Dar. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaiviringisha shafti juu ya kipande cha kioo kabla hata ya kutaja bei. Nati ikawa inapanda na kushuka mwishoni mwa shafti. "Mwanangu, huyu alitoboa mbao, hakutafuta katikati yake."

Akanieleza kwamba keekee ikiingia kwenye mbao hufuata palipo laini, inapinda taratibu na wewe unaona imenyooka. Yeye aliitoa ile nati kwa kuikereza mpaka ikabaki chembe, akaziba tundu kwa kigingi cha mbao ngumu iliyokauka, akaniambia nirudi kesho. Kesho yake aliifunga shafti kwenye mashine, akaigusisha na saa ya kupimia (kipimo chenye mshale kinachoonyesha kama kitu kinayumba), akawa anaigonga kidogo kidogo kwa nyundo ya plastiki hadi mshale ukatulia. Akatanguliza tundu dogo, kisha akalipanua kwa kisu chembamba kinachokula ukuta wa ndani, huku shafti ikizunguka kwenye katikati yake ileile. Nilisimama pale karibu saa nzima. Sijawahi kuona mtu akiheshimu mbao namna ile.

Kwenye gundi ndipo alinifundisha zaidi. Bushi aliikwaruza kwa nje kwa msasa, akaifuta kwa spiriti, halafu akachonga mfereji mmoja ubavuni toka juu hadi chini. Tundu halina mlango wa pili. Hewa na gundi ya epoksi ya ziada zisipopata njia, zinaisukuma bushi irudi nje na asubuhi unaikuta imekaa juu. Skrubu aliyoishikia bushi aliipaka nta ya mshumaa ili isigande humo. Epoksi ilikuwa ya kukauka polepole, ikalala usiku mzima.

Kusawazisha uso wa shafti alikuacha mwisho kabisa. Aliifunga shafti kwa hesi zake mpya kwenye skrubu iliyokaa kwenye mashine, ndipo akakata uso, ili ukae pembe mraba na hesi zenyewe. Nilipounganisha vipande na kuvielekeza dirishani, sikuona mwanga ukipenya kwenye kiungo.

Nililipa shilingi 40,000, na kazi ilichukua siku 4 kwa sababu umeme ulikatika siku moja. Kasoro ninayo moja: pete ya kiungo imezidi mbao kidogo, ukipitisha ukucha unakwama. Nilimwonyesha, akasema niilete tena aipitishie msasa bila malipo. Sijaipeleka bado, maana tangu niichukue nacheza nayo kila jioni na ile "tik" sijaisikia tena.