Raifo ya bei nafuu .30-06: miaka minne niko nayo, nasema nilichokiona

Swali naloulizwa kila nikirudi toka porini ni moja tu, hiyo bunduki yako ya plastiki inapiga kweli? Wanaouliza wengi wamezoea Brno za wazee, zile bunduki za Kicheki za mbao na chuma kizito, sa wakiishika hii yangu wakagonga kitako (hicho kiunzi chote cha plastiki kinachobeba mtutu) kwa vidole na kusikia kinalia kama ndoo tupu, hapo hapo wanaikatia tamaa. Mi nawajibu inapiga, tena inapiga vizuri sana. Ila kufika mahali pa kusema hivyo nimehangaika mno na nilikaribia kuiuza kwa hasara, ndo maana nimeona niandike yote, mtu mwingine asipite nilikopita.

Jina la kampuni silitaji kwa sababu huko chini nina malalamiko. Jua tu ni ya Kimarekani, ya bolti (kile chuma unachovuta na kusukuma kwa mkono kuingiza risasi), kaliba .30-06, iko daraja moja na akina Savage Axis na Ruger American, bunduki ambazo kwao ananunua mtu wa kipato cha kawaida. Huku kwetu Tanzania ukishajumlisha usafiri, kodi, faida ya duka na mlolongo wa kibali unaoanzia serikali ya mtaa, hilo neno nafuu ni la kulinganisha tu, hela bado inatoka. Na kibali cha silaha cha Polisi ni kitu kingine na leseni ya kuwinda ni kitu kingine, nawaambia kabisa maana kuna watu wanadhani ukishakuwa na kimoja umemaliza.

Kaliba nilichagua bila kuumiza kichwa. Baba mdogo ana Brno ya .30-06 tangu mi nasoma shule ya msingi, nimemuona akiangusha ngiri na kongoni kwa hiyo hiyo, risasi yenyewe ipo tangu mwaka 1906 na swala, ngiri, hata pofu inamtosha ukilenga pale panapotakiwa. Nyati hapana, huyo ni .375 kwenda juu, usiende kufanya majaribio kwa nyati.

Sasa siku ya kwanza uwanjani. Mita 100, meza ya zege, mfuko wa mchanga chini ya bunduki, jua la saa saba. Nikapiga tano fasta fasta kwa furaha ya kitu kipya. Nikaenda kuangalia karatasi nikakuta matundu yamesambaa sentimita 14. Yaani sahani ya chai! Brno ya mzee, yenye umri kunizidi, siku hiyo hiyo ilipiga tatu nikazifunika kwa kifuniko cha chupa ya uhai. Nilikaa kwenye lile benchi nimeishika ile karatasi nikajua nimeibiwa.

Kumbe mtutu haukuwa na kosa lolote, na hii ndo nataka watu waielewe kuhusu hizi bunduki. Kiwanda kikitaka kushusha bei kinapunguza kwenye vitu vya kupendeza, mbao inakuwa plastiki, chuma hakipakwi kikang'aa, magazini (kile kisanduku cha risasi) inakuwa ya plastiki. Mtutu wanatoboa na kuuchonga kwa mashine na siku hizi mashine hazikosei ovyo. Alafu kuna ujanja wa nati, Savage wanaufanya miaka mingi na Ruger American iliyotoka 2012 nayo inao, mtutu unakazwa na nati kubwa pale unapoingia kwenye bodi (chuma kinachobeba bolti), kwa hiyo kupima nafasi ya risasi kwenye chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) hakuhitaji fundi mkongwe wa kukwangua na kupima siku nzima. Gharama inashuka na usahihi unabaki pale pale. Hiyo Ruger wameweka na vipande viwili vya chuma vyenye umbo la V ndani ya kitako, bodi inakaa humo haichezi hata kama kitako chenyewe ni plastiki. Ni akili kubwa hiyo kwa bunduki ya bei ile.

Yangu haina hivyo vipande. Kwa hiyo nikaanza kutafuta mchawi.

Kwanza skrubu. Zile besi zinazobeba ringi za darubini ya kulengea, nilikuta skrubu ya mbele inazunguka robo duara kwa kidole tu na bisibisi. Ilitoka dukani hivyo! Nikazitoa zote nne, nikasafisha yale mafuta ya kiwandani kwa spiriti, nikaweka gundi ya skrubu tone moja moja nikakaza. Za kwenye ringi usikaze kwa hasira, ni kama Nm 2 (Newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia) basi, ukizidisha unaliminya bomba la darubini. Bisibisi ya kupimia nguvu niliisaka mtaa wa Gerezani pale Dar maduka zaidi ya kumi na wengi waliniletea spana ya kukazia tairi za gari, ila ipo, ukivumilia utaipata.

Pili noti. Chukua noti ya elfu kumi, ipitishe kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele kurudi nyuma, inatakiwa iteleze mpaka karibu na bodi bila kushikwa popote. Ya kwangu ilipita vizuri bunduki ikiwa imelala mezani, nikafurahi, alafu nikaiegemeza kwenye mfuko wa mchanga na kuikandamiza kidogo kama mtu anayelenga, noti ikabanwa. Plastiki ilikuwa inapinda na kugusa mtutu upande wa kushoto! Ukiibeba hivi inagusa, ukiibeba vile haigusi, sasa risasi itaenda wapi kama si kila sehemu. Nilinunua msasa nikauzungushia kipande cha bomba, nikasugua ndani ya kile kitako jioni mbili mpaka noti ikapita ikiwa imekunjwa mara mbili. Kazi ya shilingi elfu mbili. (Kabla ya kuigusa kwa msasa toa bolti, hakikisha chemba haina kitu, risasi ziwe zimefungiwa chumba kingine, hili sina utani nalo.)

Tatu ni darubini, na hapa ndo roho inaniuma mpaka leo. Iliuzwa pamoja na bunduki, imeshafungwa tayari, nikaona nimeokoa hela. Baada ya skrubu na msasa matundu yalirudi kama sentimita 6, nikaridhika, msimu ukafika nikaenda kusini na leseni yangu ya swala. Asubuhi ya pili nikapata swala pala dume mita kama 150, amesimama ubavu, nimeegemea mti, nikavuta triga taratibu. Nilisikia risasi imepiga lakini sio ule mlio mzito wa kifuani. Skauti wa wanyamapori tuliyekuwa naye akaniangalia tu akasema umempiga nyuma mkuu. Tulianza kufuata damu saa nne asubuhi, tone hapa, tone pale kwenye jani, mara zinapotea tunazunguka kama wendawazimu, tulimkuta saa kumi na nusu jioni amelala chini ya kichaka bado anapumua. Nikammalizia. Sijawahi kujisikia vibaya porini kama siku ile. Mnyama ameteseka zaidi ya saa sita kwa sababu mi nilijifanya nimeokoa laki mbili tatu.

Niliporudi Dar nikaipima ile darubini kama nilivyotakiwa kuipima mwanzo. Unalenga doa lile lile kila mara, unapiga moja, unazungusha kitufe cha darubini kliki 20 juu unapiga, 20 kulia unapiga, 20 chini, 20 kushoto. Kliki moja kwa darubini nyingi ni kama milimita 7 ukiwa mita 100, kwa hiyo kliki 20 ni sentimita 14, unatakiwa kupata mraba mzuri na risasi ya mwisho iingie pale pale ilipoingia ya kwanza. Yangu ilichora kitu kama kiatu, na ya mwisho ilikuwa sentimita 9 kutoka ya kwanza. Nikaitoa siku hiyo hiyo. Sikumuuzia mtu, ningemuuzia nani kitu kile? Nikajibana miezi mitatu nikanunua ya 3-9x40 (inakuza mara 3 mpaka 9, lenzi ya mbele milimita 40) ya heshima, sio ya kifahari, ila ukiirudisha inarudi.

Tangu hapo bunduki ni nyingine kabisa. Risasi za grain 180 (grain ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) inapiga tatu ndani ya sentimita 3 na nusu mita 100, siku nzuri chini ya 3. Za grain 150 haizipendi, zinafika sentimita 7 na zinaingia juu zaidi, kwa hiyo ukibadilisha aina ya risasi rudi uwanjani, usiseme zote ni .30-06. Na uipe muda kati ya risasi na risasi. Hizi zina mtutu mwembamba, kwa joto la Dar ukipiga nne mfululizo hauwezi hata kuushika, na ukipata moto matundu yanaanza kutambaa. Zile tano zangu za siku ya kwanza sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Kwa upande wa kutegemewa, bolti haijawahi kugoma kutoa ganda isipokuwa mara moja, na ni mi niliyeimwagia mafuta kama napika maandazi, vumbi la barabarani likaganda humo likawa tope. Siku hizi tone moja, nafuta na kitambaa mpaka karibu pakavu. Triga ni nzito, inakuchelewesha, ila nimeizoea na nimekataa kabisa kuipeleka kwa fundi wa kupiga tupa, triga ikishakwanguliwa na mtu asiyejua, bunduki inaweza kufyatuka yenyewe ukifunga bolti.

Magazini ndo malalamiko yangu makubwa yaliyobaki. Kile kishikizo cha plastiki kikigusa mkanda wa begi kinaachia, magazini inadondoka. Nimetembea saa nzima kwenye majani marefu, ngiri kasimama mita 60, nasukuma bolti mbele hamna kitu, naangalia chini naona tundu. Tulirudi na njia ile ile, magazini hatukuiona. Nyingine niliagiza ikachukua miezi mitano, muda wote huo napakia moja moja kwa mkono. Brno ya mzee magazini yake iko ndani ya bunduki ina mfuniko wa chuma chini, haina cha kudondoka. Hapo bunduki ya zamani imeshinda na sibishani.

Alafu kutu. Mi naishi Kigamboni, upepo wa bahari unaingia mpaka kwenye sukari, na hii rangi nyeusi ya bei nafuu haizuii chochote. Masika moja niliiacha kwenye begi lake lenye sponji, nikaja kukuta vidoti vyekundu chini ya mkono wa bolti na kuzunguka skrubu. Sponji inanyonya unyevu inaukumbatia na chuma, usiweke humo hata wiki. Sasa hivi inakaa kwenye sefu ikiwa wazi, na vile vipakiti vya kukausha unyevu nusu kilo navibadilisha kila mwezi wa tatu kabla mvua haijaanza.

Mwezi uliopita baba mdogo alikuja uwanjani na Brno yake. Mtutu wake umechoka sasa, risasi nyingi zimepita mle, ilimpa sentimita 6 akanyamaza. Akaomba ya kwangu. Akapiga tatu, akachukua ile karatasi akaikunja akaiweka mfukoni, njia nzima kwenye pantoni hakuongelea bunduki hata kidogo, tulivyoshuka ng'ambo ndo akaniuliza ile darubini nilinunua wapi.