Rili ya kuvulia baharini: kabla hujatoa hela, angalia kiroda

Mwaka jana, kusi ikianza kulegea, nilipoteza kolekole pale Shangani ya Mtwara, na mpaka leo roho inaniuma. Samaki alikuwa ameshachoka, namwona ubavu unametameta kwenye maji, mara mshipi ukakatika. Haukukatikia kwenye ndoana wala kwenye fundo. Ulikatikia huku kwangu, kwenye rili, kile kidude cha kukunjia mshipi kinachofungwa kwenye rodi, yaani ufito wa kuvulia. Nilipopitisha ukucha juu ya kile kiroda ambacho mshipi unapita kabla ya kuingia kwenye bobini, nikakuta kamfereji kembamba kama unywele. Kiroda kilikuwa kimeganda kwa chumvi, hakizunguki tena, na mshipi wa kusuka ulikuwa unakikata kidogokidogo kila nikivuta. Rili yenyewe ilikuwa na miezi miwili.

Niliipeleka Mikindani kwa mjomba wangu. Yeye ni mtu wa mashua, anavua kwa mshipi wa mkono uliozungushiwa kibao, hajawahi kununua rili maishani mwake. Akaishika, akakisukuma kiroda kwa kidole gumba, akanirudishia. "Roda isiyozunguka inakula henza, mama. Hukuiangalia wakati unanunua?" Sikuiangalia. Niliangalia rangi, nikasoma boksi limeandikwa beringi 10+1, nikaona nimepata.

Kwa hiyo mambo ya uzito na uwiano wa gia mtayakuta kwingine. Hizo beringi nyingi ndizo usizitamani kabisa. Kwa sisi wa maji chumvi, kila beringi isiyozuiliwa maji ni mahali pengine pa kuotea kutu, na inayokufa mapema ni ile ndogo ya kwenye kiroda, kwa sababu ndiyo inayopokea mshipi ukiwa umelowa chumvi kila mzunguko.

Sasa swali mnaloniuliza kila wiki, ununue rili ya aina gani, spiningi au beitikasta. Spiningi inaning'inia chini ya rodi, bobini yake imetulia, mshipi unachomoka wenyewe ukirusha. Beitikasta inakaa juu ya rodi na bobini yake inazunguka wakati wa kurusha, ndiyo maana lazima uidhibiti kwa kidole gumba. Upepo ukikupiga usoni, iwe kusi au kaskazi, chambo kinapunguza mwendo hewani huku bobini bado inakimbia, na mshipi unajivuruga palepale. Nimekaa saa nzima juu ya jiwe nafungua mafundo huku maji yanajaa na samaki wanapita. Anayevua kutoka ufukweni huku kwetu achukue spiningi. Beitikasta haina kiroda, hilo ni kweli, lakini nyingi zina kile kidude kinachotembea kulia na kushoto kupanga mshipi, juu ya skrubu ndefu iliyo wazi. Mchanga ukiingia pale utausikia unasaga.

Sasa rili ninazozipendekeza. Ya kwanza ni Penn Spinfisher VI, saizi 4500 kwa ufukweni, 5500 kama unatoka na ngalawa kufuata nguru. Mimi ni mtu wa Penn na sifichi. Kampuni ilianzia Philadelphia, Marekani, mwaka 1932, na toka mwanzo ilijishughulisha na rili za baharini. Mwili wa Spinfisher ni wa metali, na sehemu ya gia na breki, ile inayouzuia mshipi usitoke ovyo samaki akivuta, zimezibwa maji yasiingie. Kiroda kiko nje kama kwa wengine wote, lakini kwenye yangu kinafunguka kwa skrubu moja. Nakitoa, nakifuta, natia tone moja la mafuta ya cherehani kwa njiti ya kiberiti, nakirudisha. Dakika tano. Tena Penn wanatoa mchoro wa vipuri wenye namba za kila kitu, hivyo ukiharibikiwa na kidude kimoja unaagiza hichohicho. Ile rili yangu iliyoganda nilimwuliza muuzaji kiroda cha akiba, akaniambia ninunue rili nyingine!

Ya pili ni Penn Battle III, saizi 4000 au 5000. Nayo ni ya metali, ila haikuzibwa kama Spinfisher, kwa hiyo wimbi likiipiga usiiweke ndani bila kuisafisha siku hiyohiyo. Kama hela ya Spinfisher haijatimia, chukua hii na usijute.

Ya tatu naiweka beitikasta moja tu, Abu Garcia Ambassadeur 6500, ile ya duara. Kampuni hii ilianzia Svängsta, Sweden, mwaka 1921, kwa kutengeneza saa, na ukiifungua utaona ile tabia ya fundi saa. Hii ni ya kukaa ndani ya chombo na kushusha chambo chini kwa changu na chewa. Hapo hurushi mbali, unashusha tu, na kuvuruga mshipi kunapungua sana.

Za bei rahisi, zile za plastiki zinazouzwa pamoja na rodi na boksi la vyambo, zinafaa kumfundishia mtoto. Sina zaidi.

Na bei, jamani. Muuzaji anaweka picha nzuri mtandaoni, ukiuliza bei hadharani anakwambia njoo pembeni. Ukienda pembeni anakuuliza uko wapi, ukisema Mtwara bei inapanda, na nauli ya basi inawekwa juu yake kana kwamba mzigo unapelekwa mwezini. Huyo aliyeniuzia mimi aliniapia kwamba rili ni ya baharini. Nilipomtumia picha ya kiroda kilichoganda akasema nimeitumia vibaya, nimeipeleka kwenye maji ya chumvi. Sisi tungeipeleka wapi? Bahari iko mlangoni. Korosho ikilipwa ndiyo wanakumbuka kwamba kusini kuna wateja, na hapo ndipo vitu vilivyokaa dukani vinapakiwa.

Ukifika nyumbani kutoka kuvua, kaza breki kwanza ili maji yasipenye kwenye sahani zake, halafu mwagia rili maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kidogokidogo, usiitumbukize kwenye ndoo wala kuipiga kwa mpira wa maji wenye nguvu, maana nguvu hiyo inaisukuma chumvi ndani. Tumia maji ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi yake. Ikikauka legeza breki, ndipo uiweke.

Na kabla ya kulipa, fanya jaribio langu. Nenda na kalamu ya wino mzito na kipande cha mshipi. Weka nukta moja juu ya kiroda. Pitisha mshipi chini yake, mtu mmoja aukaze upande mmoja, wewe vuta upande mwingine taratibu, macho kwenye nukta. Ikizunguka, sawa. Ikibaki palepale huku mshipi unateleza tu, rudisha, hata kama muuzaji amenuna. Kama mzigo umekuja kwa basi, mwambie mapema kwamba unalipa ukishaukagua, na boksi lifunguliwe palepale ofisini kwa wenye basi, nukta iwekwe watu wakiona.